Baraza Lililojuta Usiku Mmoja

Katika maneno ambayo sisi watu wa kalamu na wa jembe huyatumia kila siku, ni machache yatumiwayo kwa wepesi kama haya mawili: demokrasia na uhuru wa kusema. Ukimwuliza mtu yeyote maana yake, hatakawia kukujibu. Demokrasia, atasema, ni wengi kushinda na wachache kunyamaza. Na uhuru wa kusema ni mtu kusema apendalo bila ya kukamatwa na Serikali. Mimi nami nilijibu hivyo kwa miaka mingi, nikaona jibu hilo latosha, mpaka siku niliposoma kitabu kimoja cha zamani sana nikaona aibu kwa jambo nililolifanya kwa mkono wangu mwenyewe. Jambo hilo nitalieleza, lakini kwanza yafaa nikupe habari za kitabu.

Kitabu chenyewe ni historia ya vita baina ya miji miwili ya Ugiriki, Athens na Sparta, vilivyoanza mwaka 431 kabla ya kuzaliwa Kristo. Mwandishi wake ni Thucydides, mtu wa Athens, aliyekuwa jemadari katika vita hivyo hivyo. Alishindwa kuuokoa mji mmoja usiangukie mikononi mwa adui, na kwa kosa hilo akakaa uhamishoni miaka 20. Labda ndiyo sababu hakuwapendelea watu wake alipoandika, kwa maana mtu aliyefukuzwa nyumbani huona vizuri mahali paa linapovuja. Nilikiazima kitabu hicho katika maktaba ya mjini mwaka 1999, kwa lugha ya Kiingereza, na kusema kweli nilikichukua kwa kuwa mvua ilikuwa ikinyesha na hadithi nilizozitaka zilikuwa zimekwisha kuazimwa na wengine.

Athens ndio ule mji ambao wasomaji wa Matendo ya Mitume huujua kwa jina la Athene. Wakati huo haukuwa na mfalme. Mambo makubwa yaliamuliwa na baraza la raia, waliokutana juu ya kilima kiitwacho Pnyx. Mpiga mbiu alisimama akauliza kwa sauti kuu ni nani atakaye kusema, na raia yeyote, awe mwenye mashamba au fundi wa viatu, aliweza kusimama mbele ya wenzake. Kisha watu waliinua mikono, na upande wenye mikono mingi ukashinda. Ni kweli kwamba raia walikuwa wanaume waungwana wa mji ule tu; wanawake, watumwa na wageni waliofanya kazi pale hawakuhesabiwa. Tusiwasifu kupita kiasi. Lakini miongoni mwa hao waliohesabiwa, haki ya kusema ilikuwa sawa kwa wote, nao waliiona haki hiyo kuwa fahari ya mji wao.

MERIKEBU MBILI

Mwaka 428 K.K. mji wa Mytilene, katika kisiwa cha Lesbos, uliasi utawala wa Athens. Ulizingirwa, na mwaka uliofuata chakula kikapungua. Watu wa kawaida wakapewa silaha ili wapigane, lakini watu wale walipokwisha kuzipata walidai chakula kigawanywe, ama sivyo wangefanya amani wao wenyewe. Ndipo mji ukajisalimisha kwa Paches, jemadari wa Athens. Habari zilipofika Athens, baraza likakutana huku watu wakiwa na ghadhabu kubwa. Likaamua kwamba wanaume wote wazima wa Mytilene wauawe, walioasi na wasioasi pamoja, na wanawake na watoto wafanywe watumwa. Merikebu ya makasia ikatumwa kwa Paches kumwambia atekeleze amri hiyo mara moja.

Sasa, msomaji, tua hapo kidogo ufikiri. Hapakuwa na mfalme mkatili katika shauri lile. Hapakuwa na askari waliozuia watu kusema, wala sanduku la kura lililoibwa. Raia walikutana kwa kanuni zao, wakainua mikono, wengi wakashinda. Kwa maana ile niliyoitaja mwanzoni hiyo ilikuwa demokrasia kamili, nayo ilikuwa imekata shauri la kuua mji mzima.

Kulipokucha, majuto yakawashika. Watu wakaanza kuambizana kwamba neno walilolikata ni la ukatili mno, kuangamiza mji wote badala ya wenye hatia. Wajumbe wa Mytilene waliokuwako Athens, pamoja na raia waliowahurumia, wakawaendea wakuu wakaomba shauri lile liletwe barazani mara ya pili. Wakuu wakakubali, kwa kuwa waliona wazi kwamba raia wengi walitamani kupewa nafasi ya kufikiri upya.

Aliyesimama kupinga jambo hilo alikuwa Cleon, msemaji ambaye siku zile aliaminiwa na watu kuliko wote. Maneno yake yastahili kuangaliwa, kwa maana hayajaisha duniani. Alisema kwamba mji wenye sheria mbaya zisizobadilishwa una nguvu kuliko mji wenye sheria njema zisizoshikwa. Aliwaambia watu kwamba wao hukaa barazani kama watazamaji wa mchezo, wakifurahia maneno matamu. Na yeyote atakayesimama kutetea Mytilene, alisema, ama atakuwa anataka kuonyesha ufundi wa ulimi wake, ama amepewa fedha.

Amepewa fedha! Hapo ndipo kitabu kilipoanza kunichoma, lakini nitalirudia jambo hilo.

Aliyemjibu aliitwa Diodotus, mwana wa Eucrates. Habari zake nyingine hazikuandikwa na Thucydides. Mtu huyu alitokea siku ile akasema, kisha haonekani tena katika kitabu kile. Alisema kwamba haraka na hasira ndivyo vitu viwili viharibuvyo shauri jema. Akasema kwamba mtu anayemtuhumu msemaji mwenzake kuwa amehongwa anaudhuru mji wenyewe. Kwani mtuhumiwa akishinda bado atashukiwa, na akishindwa ataitwa mpumbavu na tena si mwaminifu, basi wenye mashauri mazuri wataogopa kusimama. Akaongeza jambo chungu zaidi: mji ukizoea kushuku hivyo, hata mtu mwema hulazimika kudanganya ili asadikiwe.

Nilidhani kwamba baada ya hapo angeomba huruma. Hakuomba hata kidogo. Alisema kwamba yeye hakuja kuwatetea watu wa Mytilene, illa kuangalia faida ya Athens. Mkiwaua na watu wa kawaida ambao walisababisha mji ujisalimishe, alisema, basi mji mwingine utakapoasi watu wake watapigana mpaka mwisho, kwa kuwa watajua kwamba mwenye hatia na asiye na hatia hulipwa sawasawa. Jambo hili lilinisumbua, na linanisumbua hata leo. Mtu yule alikuwa akiokoa roho za maelfu, na ilimbidi aseme kama mfanyabiashara apimaye faida na hasara, maana alijua wasikilizaji wake.

Mikono ikainuliwa. Pande mbili zilikaribia kuwa sawa, lakini Diodotus akashinda. Merikebu ya pili ikaondoka upesi, nayo ya kwanza ilikuwa imeitangulia kwa muda wa mchana na usiku hivi. Wajumbe wa Mytilene waliwapa wapiga makasia divai na unga wa shayiri, wakawaahidi zawadi kubwa kama wakiwahi. Watu wale walikula huku wakivuta makasia, unga ukiwa umekandwa kwa divai na mafuta, na walilala kwa zamu. Kwa bahati njema upepo haukuwapinga, na merikebu ile ya kwanza haikufanya haraka kwa kuwa waliokuwamo hawakuipenda kazi waliyotumwa. Hata hivyo ilitangulia kufika. Paches alikuwa amekwisha kuisoma amri, naye alikuwa tayari kuitimiza, ndipo merikebu ya pili ikaingia bandarini.

Wala usidhani kwamba mambo yaliisha kwa amani. Wale waliotajwa kuwa viongozi wa uasi waliuawa, nao kwa hesabu ya Thucydides walizidi kidogo 1,000. Na mashamba ya Mytilene yakagawanywa mafungu 3,000 kwa watu wa Athens. Lakini mji uliokolewa.

KUMBUKUMBU ZA MKUTANO

Mwaka 1994 nilikuwa karani wa chama chetu cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Mwaka ule baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda ghafula ulimwenguni, na sisi tukajiona matajiri. Halmashauri ikaleta shauri la kukopa fedha tununue lori letu wenyewe badala ya kukodi malori ya watu. Mkutano mkuu ukajaa. Watu walikuwa wakipiga vigelegele hata kabla ya kufunguliwa kwa sala.

Mzee mmoja akasimama kupinga. Alitoa sababu tatu, tena kwa utaratibu kabisa: kwamba bei iliyopandishwa na msiba wa Brazil itashuka mikahawa ya Brazil itakapopona, kwamba riba ya miaka ile ni kubwa mno, na kwamba barabara yetu wakati wa masika ingelivunja lori lile kabla ya deni kwisha. Hakuimaliza sababu ya tatu. Sauti zikatoka nyuma: "Amehongwa huyu! Amehongwa na wenye malori ya kukodi!" Watu wakacheka, wengine wakazomea, naye akaketi. Shauri likapigiwa kura, likapita.

Mimi sikuzomea. Nilifanya jambo la utulivu zaidi. Nilishika kalamu nikaandika katika kitabu cha kumbukumbu: "Mkutano ulikubaliana kwa sauti moja." Jina la mzee yule sikuliandika, wala sababu zake. Nilijiambia kwamba ni kuutunza umoja wa chama. Mambo yaliyofuata wakulima wenzangu wa kahawa wanaweza kuyabahatisha wenyewe. Lori lilivunjika katika mwaka wake wa pili, na deni likaendelea kukatwa katika malipo ya kila mkulima muda mrefu baada ya lori lenyewe kuwa kibanda cha kuku.

Basi nilipokuwa nikisoma maneno ya Cleon nilizikumbuka zile sauti za nyuma. Na niliposoma habari za wakuu wa Athens, waliokubali shauri lirudishwe barazani, nilijiuliza: kama mwanachama mmoja angejuta asubuhi, akaja ofisini kuuliza mzee yule alisema nini hasa, ningemwonyesha nini? Sauti moja.

Hapo ndipo fikira zangu za zamani zilipobadilika. Nilikuwa nimedhani siku zote kwamba uhuru wa kusema ni mali ya msemaji, kama koti lake, na kwamba akinyang'anywa ni yeye peke yake apatwaye na baridi. Mzee yule alipozomewa alikwenda zake nyumbani akachuma kahawa yake; tulioumia kwa kutozisikia sababu zake ni sisi 300 na zaidi tuliobaki. Na nilikuwa nimedhani kwamba adui wa uhuru huo ni Serikali tu. Siku ile hapakuwapo hata askari mmoja mkutanoni.

Nikatafuta vitabu vingine. Nilisoma kwamba mwaka 406 K.K. watu wa Athens walishinda vita vikubwa vya baharini karibu na visiwa vya Arginusae, lakini merikebu zao 25 zilipotea, na kwa ajili ya dhoruba mabaharia waliokuwa wakielea majini hawakuokolewa. Wananchi kwa uchungu wao wakataka majemadari wahukumiwe wote pamoja kwa kura moja, ingawa sheria ilitaka kila mmoja ahukumiwe peke yake. Raia mmoja alipojaribu kuitetea sheria, umati ulipiga kelele kwamba ni jambo la ajabu watu kuzuiwa kufanya wapendalo. Miongoni mwa wasimamizi wa baraza siku ile alikuwamo Socrates, naye alikataa kukubali jambo lililo kinyume cha sheria. Hakusikilizwa. Majemadari sita wakauawa. Muda mfupi baadaye watu wakajuta, wakaagiza kwamba wale waliowadanganya washtakiwe. Lakini safari hii hapakuwa na merikebu ya pili. Na mwaka 399 K.K. Socrates mwenyewe, mzee wa miaka 70, alihukumiwa na baraza la mahakama la raia wenziwe kwa makosa ya kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Plato, mwanafunzi wake, ameandika kwamba kama kura 30 tu zingehama upande, angeachiliwa.

Wasiosoma Kiingereza wanaweza kukutana na umati wa namna hiyo hiyo katika tamthilia ya Shakespeare ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitia katika Kiswahili. Tafsiri yake ilitoka mara ya kwanza mwaka 1963, nayo yajulikana kwa jina la Juliasi Kaizari. Tazama jinsi watu wa Roma wanavyomshangilia Brutus, na baada ya hotuba ya Antony wanavyogeuka wote, hata wanamwua mshairi mmoja kwa kuwa jina lake ni sawa na la mtu mwingine.

KARANI WA LONDON

Kitabu kilichonieleza jambo hili kwa maneno ya wazi kuliko vyote ni cha Mwingereza John Stuart Mill, kilichotolewa mwaka 1859, kuhusu uhuru wa mtu. Mill alisema kwamba mwenye kuzuia fikira ya mtu mmoja anawaibia watu wote. Fikira ile ikiwa kweli, wamenyimwa nafasi ya kuacha uwongo; na hata ikiwa si kweli, wamenyimwa nafasi ya kuijua ile kweli yao vizuri, kwa maana kweli isiyopingwa kamwe hugeuka kuwa mazoea tu. Alisema pia kwamba udhalimu wa watu walio wengi waweza kupenya ndani ya maisha kuliko udhalimu wa watawala.

Lakini hakusema kwamba kila neno lisemwe popote. Alitoa mfano wa mfanyabiashara wa nafaka. Mtu akiandika gazetini kwamba wauza nafaka wanawatia maskini njaa, aachwe aandike. Akiyasema maneno hayo hayo kwa umati wenye hasira uliosimama mbele ya nyumba ya mwuza nafaka, anaweza kuadhibiwa kwa haki. Sisi Wakenya hatuhitaji kuelezwa mfano huo mara mbili. Tuliyaona ya mwisho wa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 33, yafuata njia hiyo. Yawapa watu uhuru wa kusema, lakini yauondoa katika uchochezi wa fujo na maneno ya chuki. Na tafadhali kisome kifungu hicho mwenyewe, kwa kuwa kina neno ambalo wengi hulipita: chataja uhuru wa kutafuta, wa kupokea na wa kutoa habari. Wa kupokea, yaani msikilizaji naye amewekewa haki yake.

Jambo moja katika kitabu cha Mill lilinikasirisha, wala sitalificha. Mtu huyu aliingia kazini katika ofisi ya kampuni ya East India, mjini London, akiwa kijana wa miaka 17, akafanya kazi humo miaka 35 akiandika barua za kutawalia Wahindi ambao nchi yao hakupata kuikanyaga. Na katika kitabu kile kile aliandika kwamba mafundisho yake ya uhuru hayawahusu watu wa mataifa aliyoyaona kuwa bado nyuma. Hao watawaliwe kwa amri, mradi iwe kwa faida yao. Karani mwenzangu, mwenye akili nyingi, aliyejua hatari ya kumnyamazisha hata mtu mmoja, aliwanyamazisha mamilioni kwa sentensi chache. Sikukitupa kitabu chake kwa ajili hiyo. Nilimjibu kwa hoja zake mwenyewe, pembeni mwa daftari langu, na majibu yalinitosha kurasa mbili.

Mwishowe nilikwenda kwa mzee yule nikiwa na kitabu cha Thucydides mkononi. Nilimkuta akipogoa mikahawa. Tulikaa kivulini, nami nikamsomea habari za Mytilene, nikizigeuza kwa Kiswahili kadiri nilivyoweza. Nilipofika mahali pa Cleon na fedha za hongo, alicheka mpaka akakohoa. Nilipomaliza habari za merikebu ya pili, alinyamaza kwa muda.

"Karani," akaniuliza, "na hao watu wa Mytilene, wao waliruhusiwa kusema pale kilimani?"

Nikamjibu, "Mzee, wajumbe wao walikuwako mjini. Lakini katika maneno ya baraza la siku ile, mwandishi hakuandika hata neno lao moja."

"Nilijua," akasema. "Zamani za kipande nilikuwa kijana, na mambo yetu yaliamuliwa namna hiyo. Wawili wenye huruma na wasio na huruma wanabishana, na wewe uko nje unangoja merikebu." Kisha akanitazama. "Na kile kitabu cha chama, bado unacho wewe?"

Nilikuwa nacho. Katika mkutano mkuu uliofuata niliomba ruhusa kusahihisha kumbukumbu za mwaka 1994. Maneno "kwa sauti moja" yalipigwa mstari mwekundu, na pembeni nikaandika jina la mzee pamoja na sababu zake tatu, hata ile ya barabara aliyoimalizia siku hiyo mbele ya wote. Wanachama wawili walipinga sahihisho hilo, wakisema kwamba linafufua mambo yaliyokwisha. Majina yao na sababu yao niliyaandika pia.